Kipande cha Dada

Machi 3

Leo Mwalimu ameniletea kazi ambayo sikuiomba. Alikuja dukani na daftari jipya kwapani, akaliweka juu ya cherehani yangu wakati nakunja pindo la sketi.

"Mwenyekiti, ofisi ya elimu inataka historia ya shule. Mkaguzi akija baada ya masika aikute mezani."

"Si wewe ndiye mwalimu?"

"Mimi nimekuja juzi. Wewe umezaliwa hapa."

Nikamwambia mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule tu, nashona, siandiki. Akasema ameiona suruali niliyomshonea mlinzi, na kama nimethubutu kuiita ile suruali, basi hata kuandika nitathubutu. Binti huyu ana mdomo. Nilicheka bila kutaka, na daftari likabaki.

Jambo lenyewe si la kuchekesha. Mkaguzi akishatazama nyumba ya shule ndipo itaamuliwa kama tubaki nayo au ifungwe, watoto wapelekwe shule kubwa ng'ambo ya bonde. Mjukuu wangu yuko darasa la kwanza na miguu yake ni njiti tupu. Bonde lile likijaa maji hata mimi silivuki. Basi mbele ya daftari nitaandika historia, na huku nyuma nitaandika yangu, maana karatasi zipo na mke wangu amechoka kunisikiliza.

Machi 5

Historia ninayoijua haijazi ukurasa. Shule ni vyumba viwili vya matofali mabichi na paa la bati. Wazee wetu waliijenga wenyewe, kila nyumba kipande chake cha ukuta, kuanzia msingi hadi juu. Baada ya hapo kila nyumba imekuwa ikikitunza kipande chake: kabla ya masika unakuja na udongo wako, unasiriba, unaondoka. Huyu anaweka majivu, yule anaweka mchanga mwingi, kwa hiyo ukuta wetu una rangi nyingi kama shuka la viraka. Watoto husema "nakaa kwa Fundi" au "nakaa kwa Bwana Mashine", kufuatana na kipande walichoegemea.

Sheria ni moja tu. Kipande cha mtu hakiguswi na mwingine. Nyumba ikifungika, mwenyewe amekufa na watoto hawapo, ndipo sisi wengine tunakisiriba kwa pamoja.

Machi 9

Mawingu yamepita juu yetu kama hayatujui. Sare sita za shule, zote mabega hayalingani, na kosa ni la mkasi.

Machi 12

Siku ya kusiriba. Walikuja wote isipokuwa Dada.

Inabidi nieleze, maana ndilo linaloniuma. Dada yangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mumewe alifariki mwaka juzi. Mwaka jana, kabla ya masika, mdogo wake marehemu, huyu tunayemwita Bwana Mashine kwa sababu ya mashine yake ya kusaga, akaona ni vyema kumpunguzia mjane kazi. Akaleta saruji na fundi kutoka mjini, kipande cha kaka yake kikapigwa lipu safi, kikapakwa chokaa. Kikang'aa. Sote tulipiga makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka sheria. Tulikuwa tunakisiriba kipande cha mtu aliye hai.

Dada alifika asubuhi na ndoo yake ya udongo kichwani, akaukuta ukuta mweupe. Akautazama. Akasema, "Kumbe nimekufa na sijaambiwa." Akageuka, akarudi kwake na udongo wake.

Tangu siku hiyo hajakanyaga shuleni. Mimi mwenyewe hanisalimii, ati mwenyekiti ndiye aliyesimamia mazishi. Leo nilipita kwake kumkumbusha siku ya kusiriba, akajibu akiwa ndani: "Maiti hasiribi."

Nimeona ni ukaidi tu. Tangu utoto ni hivyo hivyo, akinuna amenuna. Kipande chake kina saruji, hakihitaji kitu. Kati ya vipande vyote ndicho kizuri kuliko vyote, na kinapakana na changu, ambacho pembeni yake kinaonekana kama uso wa mtu aliyetoka kulala.

Machi 18

Mvua ya kwanza. Bati likapiga kelele, Mwalimu akaacha kusema akaandika ubaoni. Nilipita kuchungulia: watoto walikuwa kimya kuliko siku zote.

Machi 23

Nimeanza kuzunguka kukusanya historia. Kila mwanamume niliyemuuliza amesema baba yake ndiye aliyeweka tofali la kwanza. Kwa maelezo yao shule ilianzia kila pembe kwa wakati mmoja.

Bwana Mashine aliniweka kitako nje ya mashine yake, unga ukitupaka nyusi. "Andika kwamba baba yetu alileta mbao za paa. Halafu andika ya saruji."

"Ya saruji ni ya juzi, si historia."

"Mwaka jana umepita, kwa hiyo ni historia." Akaongeza kwamba yeye si mtu wa kujisifu, ni tenda wema nenda zako. Ila yeye hajaenda popote. Kila mteja anayeleta mahindi anasimuliwa ile lipu.

Hata hivyo nimeandika mbao.

Machi 27

Mvua. Nimeshona kifungo kimoja.

Machi 28

Mvua. Hata hicho sikushona.

Aprili 1

Mjukuu wangu amerudi na gauni limelowa bega moja tu. Nikamuuliza kama aliinamia dirishani.

"Hapana, Babu. Nakaa kwa Bibi Mkubwa. Ukuta wake unatoka jasho."

Bibi Mkubwa ndiye Dada. Nikamwambia ukuta wa saruji hautoi jasho. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na asiyesoma, akaenda kula.

Aprili 4

Nimekwenda kuona. Nimechukua sindano yangu ya magunia, ile ndefu kuliko zote, kwa sababu ndicho chombo ninachokiamini.

Kwa nje kipande cha Dada bado ni cheupe na kizuri. Karibu na msingi kuna ufa mwembamba, ungeweza kudhani ni uzi umenata. Nilipotia sindano pale ufani iliingia yote, hadi kwenye tundu la uzi, bila kusukumwa. Nikaitoa imepakaa tope. Nikajaribu juu kidogo, ikawa vilevile. Nikajaribu kwenye kipande changu kibaya, ikagoma.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi mbichi, nikaelewa. Udongo wetu ukilowa hukauka, maana unapumua. Saruji imeufunga mdomo. Maji yameingia kwa juu chini ya bati, yameteremka, yamekosa pa kutokea, na matofali ndani yamekuwa uji. Kinachosimama pale ni ganda.

Mwalimu aliona sindano mkononi mwangu, hakuuliza maswali mengi. Kabla ya kengele ya mapumziko alikuwa ameshahamisha madawati yote upande wa pili, watoto wamebanana. Nilimwona anavyowainua wale wadogo mmoja mmoja na kuwaweka mbali na ukuta. Nilikuwa namwona mtu wa maneno tu. Nimekosea.

Aprili 6

Nilikwenda kwa Bwana Mashine na ile sindano, tope limekaukia juu yake.

"Huo ni unyevunyevu," akasema. "Kila nyumba ina unyevunyevu masika."

"Ukuta wote ni uji. Inabidi ubomolewe ujengwe upya kabla ya mkaguzi. Kabla haujamwangukia mtoto."

"Nani aubomoe? Ile ni kumbukumbu ya kaka yangu."

"Basi mwenye kipande abomoe."

"Mwenye kipande ni marehemu. Mimi ndiye mdogo wake, na mimi nasema hauguswi." Akawasha mashine. Mtu akitaka kumaliza mazungumzo ana bahati kubwa kuwa na mashine ya kusaga.

Aprili 7

Nilimchukua mke wangu nikaenda kwa Dada, kwa sababu wao wawili wanasalimiana. Dada akatukaribisha, akamletea mke wangu kiti. Mimi nikakalia kinu kilicholala.

"Dada, ukuta wako unaanguka."

Akamgeukia mke wangu. "Wifi, mwambie mwenyekiti kwamba mimi sina ukuta."

"Anasema hana ukuta," mke wangu akaniambia, akiwa hatua moja kutoka kwangu.

"Mwambie kuna watoto mle ndani."

"Anasema kuna watoto."

"Wifi, mwambie walipokuwa wanapiga makofi, watoto walikuwepo pia. Mwambie walionizika wana mikono. Wazikue."

Mke wangu alitaka kufikisha hilo nalo, nikamwambia nimesikia. Njiani nikalalamika kwamba dada yangu ana roho ngumu. Mke wangu akasema, "Wewe ungeingia dukani asubuhi ukakuta mtu anashona kwa cherehani yako, ati anakupunguzia kazi, ungefanyaje?" Ningemtoa kwa mkasi.

Aprili 11

Bonde limejaa. Watoto wakubwa wa upande wetu wanaosoma shule kubwa ya ng'ambo wamerudi kutoka ukingoni, viatu mkononi. Mkubwa kuliko wote ananizidi kimo. Nimewaza wale wa kwetu wa darasa la kwanza, na nimeshindwa kula.

Kila ninayemweleza habari ya ukuta ananiambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri. Haisemi unafanyaje ufa ukiwa wa mtu mwingine.

Aprili 15

Leo nitaandika hadi mkono uchoke.

Nimekwenda kwa Dada peke yangu, bila mke na bila sindano. Sikutaja ukuta. Nilibeba daftari. Nikamwambia, "Naandika historia ya shule. Nimewauliza wote isipokuwa wewe. Ilijengwaje?"

Alikuwa anapeta maharage. Nilifikiri ataujibu ungo. Akasema, akinitazama mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, "Umeandika nini mpaka sasa?"

Nikamsomea. Wazee wetu walijenga, kila mzee kipande chake. Nikasoma majina ya wazee wote, na la baba yetu, na la mume wake.

Akacheka. Nilikuwa nimesahau dada yangu anavyocheka, anaweka ungo chini kwanza.

"Wewe ulikuwa wapi mwaka ule?"

"Kwa mjomba. Mlinipeleka nikasome, huku hapakuwa na shule."

"Na wanaume walikuwa wapi?"

Sikujua.

"Walikuwa wanalima barabara. Wote walichukuliwa, wenye nguvu na wenye visingizio. Kiangazi kizima hapakuwa na mwanamume hapa zaidi ya vikongwe na watoto. Ndipo mama zetu wakasema, hawa watoto tutawapeleka kwa wajomba mpaka lini? Tukafyatua matofali. Kila nyumba kipande, kwa sababu kila mwanamke alikuwa na zamu zake za shamba, hatukuweza kujenga siku moja sote. Unakuja ukipata nafasi, unapandisha mistari miwili, unaondoka. Mimi nilikuwa bibi harusi mwenye mtoto mchanga. Nilimlaza kwenye karai, nikajenga. Mume wangu aliurudia ukuta umemzidi kimo."

"Lakini majina yaliyoandikwa ni ya wanaume."

"Walirudi wakati wa kupaua. Wakapaua, sikatai, bati waliliweka wao. Siku ya kufungua akaja mkubwa mmoja, akauliza nani amejenga nini. Wakajipanga kila mmoja mbele ya kipande, wakaandikwa."

"Na nyinyi?"

"Tulikuwa jikoni, tunawapikia wageni."

Nikauliza, ingawa nilishajua, "Na kipande changu? Kile cha baba?"

"Baba alipaka udongo siku ile ya mgeni, kwa kiganja, ili aonekane ana tope. Kile alijenga mama. Mimi nilimsaidia kupandisha mistari ya juu kwa sababu mgongo ulikuwa umemkataa. Miaka yote unamsiriba mama ukimwita baba."

Nilifunga daftari, nikalifungua, sikuandika chochote. Mama yetu alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa nikimaliza kusiriba namwambia, "Mama, nimetoka kwa baba." Alikuwa anaitikia tu, "Umefanya vizuri." Alikufa akiitikia hivyo. Nimeona uchungu ambao sijauona hata siku tuliyomzika.

Sasa nimeelewa pia lile la Dada. Sisi tulihesabu kwamba mume amekufa, kwa hiyo kipande kimebaki yatima, tukakihurumia. Kumbe aliyekijenga alikuwa njiani anakuja na ndoo. Mwaka mzima nimemwita mkaidi, na siku yoyote ningekwenda nikamuuliza swali dogo tu angenieleza. Sikuuliza.

Wakati naondoka akasema, "Ukiandika, andika kwamba mama alikuwa anachanganya udongo na pumba. Ndiyo maana chako hakipasuki." Kisha akarudi kwenye maharage yake. Habari ya kubomoa hakutaja, nami sikuthubutu.

Aprili 16

Sikushona leo. Nimeandika upya historia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Aprili 20

Kikao cha kamati, chumba cha pili, kile kisicho na hatari. Niliwasomea historia mpya. Nilianza na "mama zetu", na nilipofika kwenye "wanaume walirudi wakati wa kupaua" viti vikaanza kulia.

Mjumbe mmoja, yule mwenye ng'ombe, akasema hayo ni maneno ya mjane mwenye hasira. Nyuma, karibu na mlango, walikuwa wamesimama wanawake waliokuja kwa sababu mke wangu aliwaambia kuna jambo. Mama yake mwenye ng'ombe, bibi kizee haswa, akasema bila kupaza sauti, "Mwanangu, nani alikudanganya baba yako aliwahi kushika tofali? Hata kitanda chetu nilikitengeneza mimi." Chumba kizima kikacheka, na mwenye ng'ombe akacheka mwisho, kwa sababu ni mtu mzuri.

Bwana Mashine hakucheka. Alisimama akasema, "Kwa hiyo mnasema nimetoa saruji yangu kumtukana shemeji yangu."

"Hakuna aliyesema umetukana," nikamwambia. "Tunasema hukumjua mwenye kipande. Na sisi tulipiga makofi."

"Nilimlilia kaka yangu kwa njia niliyoiweza." Akatoka. Nimekuwa nikimwona mtu wa majigambo. Leo nimeona kwamba alikuwa na msiba, na alikuwa na saruji, na akaviweka mahali pamoja.

Tumeondoka bila kuamua. Mkaguzi bado ana siku zake na mvua haijali.

Aprili 24

Jumapili. Kipande cha Dada kimeanguka asubuhi, wakati wengi tulikuwa majumbani. Hakukuwa na mtoto. Naandika tena: hakukuwa na mtoto.

Nilisikia kishindo kimoja, nikajua. Nilikimbia na kandambili moja. Saruji ilikuwa imelala chini kwa nje, nzima kama mlango, chokaa ikiangalia juu. Nyuma yake hapakuwa na tofali hata moja lililobaki tofali, ni kilima cha tope. Ukingo wa kipande changu ulikuwa umeng'oka kidogo ulipovutwa. Ungeweza kusimama barabarani ukasoma ubaoni.

Watu wakajaa. Bwana Mashine akafika akihema. Akainama, akainua ncha ya lile bapa la saruji, akatazama upande wa ndani, tope lenye mizizi midogo myeupe. Akalishusha taratibu. Kisha akatoka, akasimama nje ya ua.

Aprili 25

Alfajiri nilimkuta Dada na jembe, anasafisha msingi. Mvua ya rasharasha. Nikasimama kama mwizi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Usikanyage hapo, nimeshasawazisha."

Nikauliza matofali atayapata wapi. Masika huwezi kufyatua tofali likakauka, litabaki maandazi. Ndipo nikaona toroli nyuma yake, na juu yake matofali makavu, ya zamani. Nikayatambua. Alikuwa amevunja ukuta wa ghala la marehemu mume wake, lile lililo chini ya paa uani kwake, ambalo hata kufagia alikuwa haruhusu mtu.

"Dada, ghala la shemeji?"

"Yeye hana mahindi ya kuweka tena," akasema. "Na alisomesha watoto wake hapa."

Wakaja wanawake, wakauliza wasaidie nini. Akawaambia kujenga ni kwake, ila maji na udongo si ukuta, wanaweza kuleta. Mke wangu akabeba, Mwalimu akabeba, mimi nikapewa kukanyaga tope, pumba ndani. Nilikanyaga hadi magoti yakaomba talaka. Nilikuwa na furaha, sijui kuisema kwa njia nyingine.

Aprili 29

Amefika usawa wa dirisha. Kisha mvua, tukafunika kwa turubai.

Mei 2

Mvua. Turubai.

Mei 3

Mistari miwili, akaondoka. Kama zamani, alisema.

Mei 9

Mkaguzi amekuja kabla ya siku yake. Kipande cha Dada kilikuwa kimefika chini ya bati, lakini kitupu, hakijasiribwa, na tope la katikati ya matofali bado bichi. Dada alikuwa juu ya dawati anaziba nafasi ya mwisho. Hakushuka.

Mkaguzi ni mtu wa heshima, viatu vyake vilikuwa na tope na hakulalamika. Aliketi akasoma historia yote, ile ya mbele ya daftari. Nilimzuia asifungue nyuma. Akasema ni historia nzuri, na kwamba ameandikiwa nyingi ambazo shule ilijengwa na mtu mmoja mwenye koti. Kisha akazunguka nyumba, akaandika, akatuita.

"Wazee wangu, sitaki kuwaficha. Mwongozo unataka kuta za kudumu. Hapa kuna udongo mtupu, na ukuta mmoja umeanguka majuzi tu. Mngekuwa na saruji hata upande huu, ningekuwa na la kuandika. Ilivyo, naona tuwahamishie watoto shule kubwa."

Mwalimu akafumba macho. Nilikuwa na maneno ya kumweleza, lakini nilijua namna yatakavyosikika: mwenyekiti fukara anatetea tope lake.

Bwana Mashine alikuwa amesimama nje ya ua, mahali alipokuwa akisimama kila siku tangu ukuta uanguke, bila kuingia. Akaingia. Alivaa shati la kutokea, lile nililomshonea kwa msiba.

"Ilikuwepo saruji," akasema. "Hebu njoo uione, mheshimiwa."

Akampeleka nyuma ya nyumba ambako lile bapa lilikuwa bado limelala. Akaliinua peke yake hadi mishipa ya shingo ikasimama, akaliegemeza.

"Hii ni yangu. Nimeinunua mimi, nimeleta fundi mimi, na kila mtu aliyekuja kusaga nimemsimulia. Ukuta ulioanguka ni huu. Zile za tope unazoziona zote zina umri karibu na wangu, na zimesimama. Nilimfunika shemeji yangu kabla hajafa na nikaufunika ukuta wake kabla haujachoka. Ukifunga shule, andika kwamba imefungwa kwa sababu yangu, si kwa sababu ya hawa mama."

Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote. Sikujua kama anaweza.

Mkaguzi akatoa kalamu, akaichoma ukutani kwangu, ikagoma. Akaichoma kwa mwenye ng'ombe, ikagoma. Akazunguka nyumba nzima akichoma, na sisi nyuma yake kama mbuzi. Aliporudi alifuta maneno aliyokuwa ameandika, akaandika mengine, akatusomea: shule ibaki, kuta zitunzwe na wenyewe kwa namna yao, itazamwe tena masika yajayo. Masika moja, basi. Tumepewa masika moja, na kwetu si kidogo.

Dada alikuwa bado juu ya dawati. Akatazama chini, akamwona Bwana Mashine amesimama na mikono haijui pa kukaa.

"Shemeji," akasema, "shika hiyo ndoo, mimi mkono haufiki."

Akaishika, na lile shati lake la kutokea mwilini.

Mei 14

Jua la siku ya tatu. Kipande cha Dada kimekauka na leo amekisiriba, udongo mwekundu, hakuna chokaa. Mjukuu wangu na wenziwe wamerudishiwa madawati yao. Mwalimu amesema historia ipelekwe ofisini, nikamwambia aikate katikati, nyuma inabaki kwangu.

Jioni Dada alikaa mlangoni kwangu akinawa miguu. Nilimwambia kipande changu nacho kiliumia ukingoni chake kilipoanguka, na kwamba nitakishughulikia nikimaliza sare.

"Sare zitakusubiri," akasema. "Pumba ninazo. Kesho asubuhi tunaanza kwa mama."

Mei 15

Nilipofika alikuwa ameshalowesha ukuta, na alikuwa ameniachia ile sehemu ya juu, ambako mgongo ulimkataa mama. Nilisiriba polepole. Nililia, na Dada aliona, akaniletea udongo mwingine.